Nyama Twauliza Aliyechinja, Hesabu Hatuulizi Aliyehesabu

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna kilichomo mbinguni wala ardhini ila anaijua idadi yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Jamaa nyingi za Pwani zinalijua soko la Kenyatta Market, Nairobi, si kwa biashara bali kwa maradhi. Mgonjwa akiandikiwa kwenda Hospitali Kuu ya Kenyatta, waliomsindikiza hawakosi kufika sokoni hapo, kwani ni karibu kwa miguu. Mgeni hulakiwa na moshi wa nyama choma, na sauti za wasusi wakiwaita akina dada waje wasukwe. Na desturi yetu sisi Waislamu, kabla ya nyama kukatwa na kuwekwa juu ya ubao, ni kuuliza: Ni nani aliyechinja? Hatuoni haya kuliuliza swali hilo, na muuzaji naye amelizoea, halimkasirishi.

Leo, wapenzi wasomaji, mama zetu na dada zetu, twataka kulizungumzia swali jingine linalofanana na hilo. Nyama inayoingia tumboni twaiulizia asili yake. Je, tarakimu inayoingia akilini, tukaiamini, tukaisimulia barazani na kuitumia kudai haki au kuzuia haki, twaiuliza imetoka wapi? Twauliza ni nani aliyehesabu?

Soko hilo la Kenyatta limo katika wadi ya Woodley/Kenyatta Golf Course, ndani ya eneo bunge la Kibra. Kwa hiyo anayekula nyama pale, ajue asijue, yumo katika eneo bunge moja na mtaa wa Kibera, ambao kwa miaka mingi ulitajwa duniani kote kwa tarakimu moja tu: watu milioni moja. Wengine waliongeza wakasema milioni moja na nusu, wengine milioni mbili. Tarakimu hiyo iliandikwa katika magazeti ya Ulaya na Marekani, ikasomwa katika hotuba za wafadhili, ikatajwa majukwaani na wanasiasa. Ukaitwa mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika. Na kila aliyeisema tarakimu hiyo aliipokea kwa mwenziwe, na mwenziwe kwa mwenziwe, mithili ya hadithi isiyokuwa na isnadi.

Kisha ikaja sensa ya mwaka 2009. Matokeo yake yalipotangazwa mwishoni mwa Agosti 2010, mwandishi wa gazeti la Daily Nation, Muchiri Karanja, alifanya jambo lililo jepesi kulisema na zito kulitenda: alizifungua orodha za sensa, akatazama vitongoji vya Kibera kimoja kimoja, Lindi, Kianda, Laini Saba, Makina, Gatwekera, Silanga, akaona jumla yao. Mnamo Septemba 2010 gazeti likachapisha habari kwamba watu wa Kibera si milioni moja. Sensa ilikuwa imewapata watu 170,070. Tofauti hiyo si ya makosa madogo ya karani. Tarakimu iliyokuwa ikitajwa ilikuwa takriban mara sita ya waliohesabiwa.

Wako waliokasirika. Walisema serikali imewaficha watu, na maskini wamedharauliwa hata katika kuhesabiwa. Shaka yao haikuwa bila msingi, kwani makarani wa sensa si malaika, na mtaa wenye vichochoro vyembamba na wapangaji wanaohama kila mwezi si rahisi kuhesabika. Lakini hata watafiti wengine waliopima kwa njia zao, bila ya serikali, walikaribia laki mbili au laki mbili na ushei. Hakuna aliyehesabu kweli akaikaribia milioni.

Tena ilikuwako njia ya kuishuku tarakimu ile hata kabla ya sensa, njia ambayo mama yeyote angeweza kuifuata kwa kalamu na karatasi jikoni mwake. Kibera ni takriban kilomita 2.5 za mraba, yaani mita za mraba 2,500,000. Ukiwagawia watu milioni moja, kila mtu apata mita 2.5 za mraba. Huo ni mkeka mmoja wa kulalia na mahali pa kuweka viatu. Na ndani ya mkeka huo bado hujatoa njia, vyoo, shule, misikiti, makanisa, maduka, mto na reli ipitayo katikati ya mtaa. Na nyumba nyingi za Kibera ni za chini, hazina ghorofa. Akili inakataa. Ukiwagawia watu 170,070, kila mmoja apata kiasi cha mita 14 na ushei. Hapo bado ni dhiki, tena dhiki kubwa, lakini ni dhiki ya wanadamu inayoweza kusadikika.

Twajiuliza basi: ni kwa nini tarakimu ile ilidumu? Ilidumu kwa sababu ilikuwa na faida kwa wengi. Mwenye shirika la misaada, milioni ilimsaidia kuomba fedha. Mwanasiasa, milioni ilimpa uzito. Mwandishi wa kigeni, milioni ilimpa kichwa cha habari. Na aliyetaka kuihurumia Kibera kwa nia safi, milioni ilimwongezea huruma. Hata hivyo, kheri isiyosimama juu ya kweli haikosi kumdhulumu mtu. Macho yote yalipoelekezwa Kibera, wangapi walikumbuka Mukuru, Mathare au Korogocho? Na huku kwetu Mombasa, mama wa mtaa wa Bangladesh, ambaye naye hununua maji kwa mtungi na kuvuka matope kumpeleka mtoto shule, ni nani aliyemwimbia milioni?

Wala uovu wa hesabu si wa kuongeza tu. Upo na uovu wa kupunguza, na pengine ndio mbaya zaidi. Pale pale Kibera wanaishi ndugu zetu Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa jeshi la Waingereza, wakakalishwa mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe la Kibra ni la lugha yao, maana yake msitu. Watu hao, Waislamu, wenye msikiti na makaburi yao hapo kwa zaidi ya vizazi vitatu, katika sensa nyingi walitiwa katika fungu la “wengineo”. Hawakuwa na jina katika daftari la nchi yao. Ilipofika sensa ya 2009 ndipo walipopewa nambari yao wenyewe katika orodha ya makabila, wakaonekana kuwa zaidi ya 15,000.

Asiyekuwa na jina daftarini hupata taabu ya kila kitu. Kijana wa Kinubi akifika umri wa kuchukua kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya kuhojiwa, aulizwe babu yake alitoka wapi, jambo ambalo jirani yake wa kabila jingine hakuulizwa. Watoto walizaliwa wakakua bila ya uhakika wa uraia. Kesi yao ilifika mbele ya Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na mwezi Machi 2011 kamati hiyo ikaamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi. Mwaka 2017 jamii hiyo ikapewa hati ya ardhi ya ekari 288 huko Kibera. Karne nzima ilipita baina ya kukalishwa na kuandikwa.

Yaliyotokea Kibera si mageni katika historia ya Uislamu. Imepokewa katika Sahihi mbili, kwa njia ya Hudhayfa bin al-Yaman (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) aliamuru aandikiwe majina ya waliosilimu. Hakutosheka na kusema “sisi ni wengi”. Alitaka waandikwe. Na Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alipokuwa khalifa alianzisha daftari, Diwani, ambamo kila mtu aliandikwa jina lake na fungu lake kutoka Baitulmali.

Na katika sira ya daftari hilo kina kisa ambacho twapenda kila mama akisikie. Inasimuliwa kwamba msafara wa wafanyabiashara ulipiga kambi nje ya Madina, na Umar pamoja na Abdurrahman bin Awf wakatoka usiku kuulinda. Umar akasikia mtoto mchanga analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amche Mungu na amtazame mtoto wake. Akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena, akamwendea tena. Mara ya tatu akamkemea. Yule mama, asiyemjua asemaye naye, akajibu kwamba anamlazimisha mtoto kuacha ziwa kabla ya wakati wake, kwa sababu Umar haandiki fungu la mtoto ila aliyekwisha kuachishwa. Umar alisalisha alfajiri ile huku kisomo chake hakisikiki vizuri kwa kilio. Alipotoa salamu alijilaumu, kisha akaamuru itangazwe kila mji: msiwaharakishe watoto wenu kuacha ziwa, kwani kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu ataandikiwa fungu lake.

Tazameni, dada zetu. Sharti moja dogo katika daftari lilifika mpaka kifuani mwa mama na kinywani mwa mtoto mchanga. Waliolitunga hawakukusudia dhulma. Lakini watu hupanga maisha yao kwa jinsi wanavyohesabiwa. Hii ndiyo maana twasema hesabu ya watu si kazi ya makarani peke yao. Ni ushahidi, na ushahidi ni amana.

Katika Kenya ya leo, amana hiyo inaamua mambo mawili makubwa yanayozigusa kaunti zetu. La kwanza ni fedha. Katiba ya 2010 inaamuru kwamba kaunti zipate si chini ya 15 kwa 100 ya mapato ya taifa. Namna ya kuzigawanya baina ya kaunti 47 huamuliwa kwa fomula. Katika fomula ya kwanza, idadi ya watu peke yake ilibeba 45 kwa 100 ya mizani. Mwaka 2020, wakati wa kuiandika fomula ya tatu, maseneta waligawanyika. Wengine walitaka kila shilingi imfuate mtu. Wengine, wakiwemo wa Kaskazini na wa kaunti kadhaa za Pwani, walisema ukubwa wa ardhi na unyonge wa siku zilizopita nao uhesabiwe, kwani mahali penye watu wachache barabara ya kufikia hospitali ni ndefu zaidi. Mabishano yalirudi kikao baada ya kikao, hata tarehe 17 Septemba 2020 yakapata suluhu. Idadi ya watu ikabeba 18 kwa 100, na fungu linalogawiwa kwa usawa likabeba 20.

Jambo la pili ni uwakilishi. Katiba imeweka maeneo bunge 290. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Ukigawanya, kila eneo bunge lingepaswa kuwa na watu karibu 164,000. Kwa miji mikubwa na mahali penye watu wachache, katiba inaruhusu tofauti ya hadi 40 kwa 100. Sasa itazameni Kibra, lilipo soko letu: kaunti ndogo ya Kibra ilihesabiwa watu 185,777. Kisha tazameni Lamu Mashariki, kwa ndugu zetu wa Faza, Siyu, Pate, Kizingitini na Kiunga: watu 22,258. Hata ukitumia ruhusa yote ya 40 kwa 100, bado wako mbali sana na kiwango. Mapitio ya mipaka ya mwaka 2012 yaliyahifadhi maeneo madogo kwa sharti maalumu la katiba, lililokuwa la safari ile ya kwanza. Mapitio mengine yatakapofanywa, kisiwa chenye historia ya karne nyingi kitalazimika kujitetea, na utetezi wake utaanza kwa swali: mko wangapi?

Hapo ndipo vishawishi vinapoingia. Mwenye kuona kwamba wingi ni fedha na viti, hushawishika kuongeza. Siku ile ile matokeo ya sensa ya 2009 yalipotangazwa, waziri wa mipango alikataa matokeo ya wilaya 8 za Kaskazini, baadhi za Mandera, Wajir na Turkana na nyinginezo, akisema ongezeko lao halilingani na uzazi na vifo. Wenyeji walipinga, wakaenda mahakamani. Sisi si mahakama, hatumhukumu yeyote. Twasema tu kwamba hesabu ikishapoteza imani ya watu, hata mkweli hasadikiwi.

Na wako waliochagua njia ya kugoma. Katika nchi jirani ya Tanzania, dini haiulizwi katika sensa tangu ile ya 1967. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waliitisha mgomo, wakataka swali hilo lirudishwe. Serikali haikulirudisha, na sensa ikafanyika, ikahesabu watu karibu milioni 45. Dai lenyewe lilikuwa na hoja zake. Lakini aliyekataa kuhesabiwa hakuongeza sauti ya Waislamu hata kwa mtu mmoja. Alipunguza watoto katika hesabu ya madarasa na wajawazito katika hesabu ya wakunga wa kijiji chake mwenyewe.

Ni kweli kwamba mwenye kuhesabiwa naye ana haki juu ya anayemhesabu. Wanubi walilifundisha taifa somo hilo. Serikali ilipoanza kuandikisha watu kwa Huduma Namba mwaka 2019, shirika lao la Nubian Rights Forum lilikuwa miongoni mwa waliokwenda Mahakama Kuu. Januari 2020 mahakama ikazuia kuchukuliwa kwa vinasaba vya watu na alama za mahali wanapoishi, na ikaamuru mpango usiendelee mpaka ziwepo kanuni madhubuti za kulinda habari za watu. Sheria ya kulinda data ilikuwa imetiwa saini Novemba 2019. Kwa hiyo mtu akikuuliza nambari ya kitambulisho, alama ya kidole au picha ya jicho lako, una haki ya kuuliza: ni ya nini, itawekwa wapi, na ni nani ataiona? Kuhesabiwa ni wajibu, kuvuliwa nguo si wajibu.

Twarudi sasa nyumbani kwetu, kwani daftari la taifa huanzia mlangoni mwa nyumba. Karani wa sensa akibisha hodi, aghalabu anayemfungulia ni mama. Yeye ndiye ajuaye ni nani aliyelala humo usiku ule. Basi amtaje mtoto aliyezaliwa juzi, hata kama bado hajafanyiwa akika. Amtaje mtoto mwenye ulemavu, wala asimfiche chumba cha nyuma kwa haya, kwani asipohesabiwa shule yake haitajengwa. Amtaje msichana wa kazi, bibi mzee kitandani, na mgeni aliyelala. Wako wazee wetu wanaochelea kutaja idadi ya watoto kwa kuogopa kijicho. Husuda ni kweli, na kinga yake ni dua na adhkari za asubuhi na jioni, si kumfuta mtoto katika daftari. Wala asiongeze hata mmoja, kwani atakayeongezwa nyumbani kwetu fungu lake litatolewa katika sahani ya mwingine.

Kabla ya sensa kuna cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Kenya inataka mtoto aandikishwe ndani ya miezi 6. Aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga asisahauliwe. Mzazi aende kwa chifu mapema apate taarifa ya uzazi. Mateso ya vijana wa Kinubi yatutoshe kuwa funzo: karatasi inayodharauliwa mtoto akiwa na siku 40, hutafutwa kwa machozi akiwa na miaka 18. Ikiwa nchi itaendelea na desturi yake ya kuhesabu kila baada ya miaka 10, sensa ijayo ni 2029. Mtoto anayenyonya leo atahesabiwa humo kwa mara ya kwanza.

Na baina ya sasa na siku hiyo, simu zetu hazitaacha kuleta tarakimu. Katika makundi ya familia na ya maharusi tutaletewa kwamba Waislamu ni asilimia kadhaa, kwamba kabila fulani limejaa mahali fulani, kwamba talaka za Mombasa ni elfu kadhaa kwa mwezi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mola wetu ametuamuru kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Tarakimu nayo ni habari. Kabla hujaituma, iulize maswali manne: Ni nani aliyehesabu? Alihesabu lini? Alihesabu vipi? Na ni nani anayefaidika nikiiamini? Isipokuwa na jibu hata la swali la kwanza, iache ifie kwako.

Muchiri Karanja hakuwahesabu watu wa Kibera yeye mwenyewe. Aliuliza tu, akasoma, akajumlisha, akaandika alichokiona japokuwa kilipingana na lile waliloliimba wengi. Kazi hiyo haihitaji shahada ya chuo kikuu. Inahitaji ulimi unaochelea kushuhudia lisilojulikana. Binti zetu wanaosoma hesabu na wanaotaka uandishi wa habari, tusiwavunje moyo. Umma huu unahitaji wanawake wajuao kufungua jedwali la sensa, kama unavyohitaji wajuao kufungua mas-hafu, ili wa Faza na wa Makina wapate wa kuwasemea kwa ushahidi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wasemao kweli katika kidogo na kingi, awahifadhi watoto wetu walioandikwa na wasioandikwa, na siku ya kufunguliwa daftari lisiloacha dogo wala kubwa, atupe letu kwa mkono wa kulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.